Miaka 48, hedhi haieleweki na usingizi umepotea: je, nivumilie tu?

SWALI: Daktari, nina miaka 48. Tangu mwaka jana hedhi yangu haieleweki. Inapotea miezi miwili au mitatu, kisha inakuja nzito na kukaa siku kumi. Usiku naamka shuka zimelowa jasho, na mchana joto linanipanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, hata nikiwa nimekaa mbele ya watu. Nasahau vitu, nawafokea watoto kwa mambo madogo kisha najuta. Tendo la ndoa limekuwa maumivu, na mume wangu anadhani nimemchoka. Nilipima presha na sukari nikaambiwa niko sawa, ni utu uzima, nivumilie. Rafiki yangu anatumia homoni na amepata nafuu, lakini nasikia zinaleta saratani. Mama yangu hakuwahi kunieleza lolote kuhusu mambo haya. Je, huku ndiko kukoma hedhi ilhali bado naziona siku zangu? Kutaisha lini? Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, nashukuru umeandika bila kuficha, hasa hilo la chumbani. Wanawake wengi hunieleza jambo hilo wakiwa wameshasimama na kushika kitasa cha mlango, kana kwamba ni dogo, kumbe ndilo lililowaleta. Jibu la haraka ni hili: uliyoyaeleza yanafanana sana na kipindi cha kuelekea ukomo wa hedhi, na si lazima uvumilie. Ila katika barua yako naona unaogopa zaidi yale yasiyo na hatari kubwa, na yale yanayohitaji kuangaliwa kweli umeyapita haraka. Hayo ndiyo nataka tuyapange upya.

Tuanze na hesabu ya miezi. Tunasema mwanamke amekoma hedhi pale tu inapotimia miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na bila sababu nyingine kama ujauzito, kunyonyesha au dawa. Kwa hiyo hedhi ya mwisho haijulikani inapopita. Hujulikana mwaka mmoja baadaye. Kwa walio wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, wastani ukiwa karibu 51. Lakini homoni huanza kuyumba mapema zaidi, mara nyingi miaka minne hivi kabla, kwa wengine hata minane. Hicho ndicho kipindi ulichomo. Watu hudhani shida huanza hedhi ikishakatika, lakini kwa wanawake wengi miaka hii ya kuyumba ndiyo yenye vurugu kuliko yote.

Sababu yake iko kwenye ovari. Msichana huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, kati ya milioni moja na mbili. Anapovunja ungo hubaki kama laki tatu au nne, na katika maisha yake yote yatakayopevuka na kutoka ni mia nne au tano hivi. Mengine hufa kimya kimya, awe amezaa watoto wengi au hakuzaa kabisa. Akiba inapokaribia kwisha, ubongo huongeza homoni ya FSH ili kuzihimiza ovari. Mwezi mmoja ovari huitikia kwa kishindo, estrojeni, homoni kuu ya kike, ikapanda juu sana. Mwezi unaofuata haziitikii, estrojeni ikaporomoka. Yai lisipotoka, projesteroni haitengenezwi. Na kazi mojawapo ya projesteroni ni kuuzuia ukuta wa ndani wa mji wa mimba usiwe mnene kupita kiasi. Bila hiyo, ukuta unajengeka wiki baada ya wiki chini ya estrojeni peke yake, kisha siku moja unabomoka wote. Ndiyo maana unakaa miezi mitatu bila kitu, halafu inakuja hedhi ya siku kumi.

Hapa sitaki nikufariji kupita kiasi. Hedhi nzito katika umri wako mara nyingi inatokana na kuyumba huku, lakini inaweza pia kutokana na fibroidi (uvimbe usio wa saratani), vinyama ndani ya mji wa mimba, au mabadiliko ya ukuta wake ambayo yakiachwa yanaweza kuelekea saratani. Ikiwa pedi inajaa ndani ya saa moja kwa saa kadhaa mfululizo, ikiwa unatoa mabonge makubwa, unatoka damu katikati ya mzunguko au baada ya kujamiiana, au unapata kizunguzungu na moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, hiyo si ya kusubiri. Hata bila hayo, ningependa upimwe wingi wa damu, kwa sababu wanawake wengi wanaodhani wamechoka kwa utu uzima wamepungukiwa damu na madini ya chuma. Ningependa pia kipimo cha ujauzito (ndiyo, katika miaka 48) na ultrasaundi ya nyonga. Daktari akiona haja, atachukua sampuli ndogo ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Tiba zipo: vidonge vya asidi ya traneksamiki vinavyotumika siku za damu tu, au kitanzi chenye homoni. Kitanzi hicho nakipenda kwa wanawake wa hali yako, kwa sababu kinapunguza damu sana, kinazuia mimba, na baadaye ukihitaji estrojeni kwa ajili ya joto, kinaweza kuulinda mji wa mimba. Nitarudi hapo.

Na kuna kanuni moja ambayo kila mwanamke anapaswa kuijua kwa moyo. Ukishatimiza miezi 12 bila hedhi, kisha ukaona damu, hata tone, hata rangi ya kahawia kwenye nguo ya ndani, nenda ukachunguzwe. Usiseme hedhi imerudi. Mara nyingi sababu huwa nyepesi, kama ngozi ya uke kuwa nyembamba. Lakini takriban wanawake tisa kati ya kumi wanaopata saratani ya mji wa mimba katika umri huo dalili yao ni damu hiyo, na ikikamatwa mapema hutibika vizuri sana. Huzuni yangu kubwa katika kazi hii ni mwanamke anayekuja baada ya mwaka mzima wa kutoka damu kidogo kidogo kwa sababu aliambiwa ni kawaida.

Sasa joto. Katikati ya ubongo, ndani ya sehemu inayoitwa hipothalamasi, kuna seli zinazolinda joto la mwili. Kwa kawaida huvumilia joto kupanda au kushuka kidogo bila kufanya lolote. Estrojeni inaposhuka, baadhi ya seli hizo hukosa breki, na uvumilivu huo unapungua. Zinakuwa kama mlinzi mwenye hofu anayepiga king'ora kila anapoona kivuli. Badiliko dogo mno la joto linatafsiriwa kuwa mwili unaungua, basi mishipa ya damu kwenye ngozi inafunguka, uso na kifua vinawaka, moyo unakimbia, jasho linatoka, na dakika chache baadaye unatetemeka kwa baridi. Huchukua kati ya dakika moja na tano. Zaidi ya wanawake saba kati ya kumi hulipitia joto hili. Wakati linapopanda halikudhuru, hata kama moyo unadunda kana kwamba unataka kutoka. Madhara yake ni yale linayokunyima: usingizi, na ujasiri wa kukaa mbele ya watu.

Lakini si kila jasho la usiku ni la homoni. Kama unakonda bila kukusudia, una homa, kikohozi kisichoisha au matezi yaliyovimba, chunguzwa kifua kikuu na magonjwa mengine. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo huleta joto, jasho, moyo kwenda mbio na hedhi kuvurugika, yaani karibu barua yako yote. Kwa hiyo kipimo chake ni muhimu. Baadhi ya dawa za sonona pia husababisha jasho.

Unaweza kujiuliza kwa nini sijataja kipimo cha homoni za ukomo wa hedhi. Mwanamke mwenye zaidi ya miaka 45 na dalili kama zako hakihitaji. Nimeshaeleza kwamba homoni hizo zinapanda na kushuka mwezi hadi mwezi. Ukipima leo unaweza kuambiwa uko sawa kabisa, na wiki tatu baadaye majibu yakasema umeshakoma. Ni pesa inayonunua mkanganyiko. Kipimo hicho kina maana kwa aliye chini ya miaka 45, na hasa chini ya 40, kwa sababu ovari zinazosimama mapema namna hiyo zinahitaji kutafutiwa sababu na kwa kawaida kutibiwa kwa homoni angalau hadi umri wa kawaida wa ukomo, ili kulinda mifupa na moyo. Vivyo hivyo kwa mwanamke aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji. Yeye huingia kwenye ukomo siku hiyo hiyo, na dalili zake huwa kali kuliko zako. Aliyetolewa kizazi peke yake na kubakiwa na ovari ni jambo jingine: hataona damu tena, lakini homoni zake zinaendelea, na joto litakapomjia hatakuwa na hedhi ya kumwambia yuko wapi.

Kufokea watoto na kusahau kunakuumiza zaidi, naona. Fikiria usiku wako. Unaamka saa saba umelowa, unabadilisha nguo, unalala; saa tisa joto linarudi, na safari hii unabaki macho hadi alfajiri. Mtu yeyote, kijana au mzee, akilazwa hivyo kwa miezi atakuwa mkali na atasahau alikoweka funguo. Kwa hiyo mimi huanza na usiku. Usingizi ukirudi, hasira na usahaulifu mara nyingi hupungua sana vyenyewe. Ubongo wenyewe pia una mahali estrojeni inapofanya kazi, hivyo kuna wanawake wanaolala vizuri na bado wanatafuta maneno wakiwa katikati ya sentensi. Ni hali halisi, na kwa walio wengi hutulia baada ya miaka ya mpito. Haimaanishi unaanza kupoteza akili.

Ila tenganisha hasira na sonona. Miaka hii huongeza uwezekano wa sonona, hasa kwa aliyewahi kuipata zamani, aliyeugua baada ya kujifungua, au aliyekuwa akivurugika sana kabla ya kila hedhi. Kama kwa wiki mbili au zaidi huoni raha katika chochote, unajiona huna thamani, au unafikiria kwamba ni heri usingekuwepo, hilo usilibebe chini ya jina la utu uzima. Mwambie mtu wa karibu na utafute tiba upesi. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Umeuliza litaisha lini. Utafiti mkubwa uliowafuatilia wanawake wa asili mbalimbali nchini Marekani tangu miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kwa nusu yao joto la mara kwa mara lilidumu zaidi ya miaka saba kwa jumla, na wale ambao lilianza wakiwa bado wanaona hedhi, kama wewe, ndio lililodumu nao zaidi. Sikutajii hili kukuvunja moyo, kwani ukali wake hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Nakutajia kwa sababu ushauri wa kuvumilia hutolewa kana kwamba ni suala la miezi michache. Kumwomba mwanamke avumilie miaka saba bila usingizi, wakati tiba ipo, si ushauri ninaoweza kuutia sahihi.

Tufike kwenye homoni na saratani, maana ndipo hofu ilipo, na hofu hiyo ina historia. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamisha sehemu yake kabla ya wakati. Wanawake zaidi ya 16,000 walikuwa wamegawanywa, nusu wakinywa vidonge vya estrojeni pamoja na aina fulani ya projesteroni ya kutengenezwa, nusu vidonge bandia. Vichwa vya habari duniani vilisema saratani ya titi imeongezeka kwa asilimia 26, na wanawake wengi sana wakatupa dawa zao. Asilimia hiyo ni kweli, lakini iangalie kwa idadi ya watu: katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliopata saratani ya titi walikuwa 30 kwa wasiotumia na 38 kwa waliotumia. Wanane zaidi. Tena wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wamepita ukomo zamani, si wanawake wa miaka 48 walioamshwa na jasho. Na katika tawi la wanawake waliokwisha kutolewa kizazi, ambao walipewa estrojeni peke yake, saratani ya titi haikuongezeka.

Tangu hapo takwimu zimechambuliwa upya mara nyingi, na msimamo wa vyama vikubwa vya madaktari wa wanawake umekuwa mmoja: kwa mwanamke mwenye dalili zinazomsumbua, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapita miaka 10 tangu ukomo, na asiye na kizuizi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Hatari ya titi ipo kwa anayetumia homoni za pamoja, huongezeka kadiri miaka ya matumizi inavyoongezeka, na hupungua akiacha. Nakuambia hivyo ili uamue ukiwa na picha nzima. Hakuna dawa nyingine inayopunguza joto na jasho kama estrojeni, na wakati huo huo hulinda mifupa.

Kuna mambo mawili yasiyo na mjadala. Kwanza, mwanamke mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni inayosambaa mwilini peke yake, kwa sababu niliyokueleza kuhusu ukuta kujengeka: estrojeni bila projesteroni huongeza saratani ya mji wa mimba. Projesteroni inaweza kuwa kidonge cha usiku, ambacho wengine hukipenda kwa sababu huleta usingizi, au kile kitanzi chenye homoni. Pili, usichukue dawa ya rafiki yako. Yeye anaweza kuwa hana kizazi nawe unacho, na kidonge kilichomfaa kikakudhuru. Njia ya kuingiza estrojeni nayo ina uzito: kiraka au jeli ya kupaka hupita kwenye ngozi bila kuanzia kwenye ini, na hatari ya damu kuganda ni ndogo kuliko kwa vidonge. Kama una uzito mkubwa, presha, au kipandauso, omba kiraka au jeli.

Kuna wanaopaswa kukaa mbali na homoni hizi zinazosambaa mwilini: aliyepata saratani ya titi, aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea, na anayetoka damu ukeni ambayo haijajulikana chanzo chake. Hilo la mwisho linakuhusu wewe moja kwa moja. Damu yako ichunguzwe kwanza, homoni baadaye.

Asiyeweza au asiyetaka homoni hajafungiwa mlango. Baadhi ya dawa za sonona, kwa mfano venlafaksini, hupunguza joto hata kwa asiye na sonona. Gabapentini inayonywewa usiku huwasaidia wanaoteswa zaidi na jasho la kitandani. Tangu mwaka 2023 ipo Marekani dawa mpya iitwayo fezolinetanti, inayozituliza zile seli za joto za ubongo bila kuwa homoni; inahitaji vipimo vya ini, na haijafika kila mahali. Pia kuna tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo. Haifuti joto, lakini utafiti unaonyesha hupunguza linavyokutesa na huboresha usingizi, na ningependa itumike zaidi ya inavyotumika.

Kuhusu mitishamba na vidonge vya kuongeza virutubisho vinavyouzwa kwa jina la ukomo wa hedhi, sina ushahidi wa kukupa. Katika majaribio mengi, vidonge bandia navyo hupunguza joto kwa kiasi fulani, ndiyo maana kila bidhaa ina watu wa kuishuhudia. Baadhi ya mimea imehusishwa na madhara ya ini. Kama unatumia kitu, mwambie daktari jina lake. Nguo za pamba unazoweza kuvua moja baada ya nyingine, feni karibu na kitanda na kupunguza pombe vinapunguza adha, wala havigharimu kitu kuvijaribu, ila visigeuzwe kuwa sababu ya kukunyima tiba. Kupunguza uzito, kwa aliyezidi, husaidia kweli. Na kama unavuta sigara, acha: wavutaji hukoma hedhi mwaka mmoja au miwili mapema, na joto lao huwa baya zaidi.

Sasa chumbani kwenu. Uke, mlango wake, njia ya mkojo na kibofu vyote hutegemea estrojeni. Inapopungua, ngozi ya hapo huwa nyembamba, kavu, haivutiki kama zamani, na asidi inayofukuza bakteria hupungua. Matokeo yake ni maumivu, michubuko, kuwashwa, haja ya kukojoa mara kwa mara, na maambukizi ya njia ya mkojo yanayorudi rudi. Tofauti na joto, hali hii haitulii yenyewe. Ikiachwa huendelea kuwa mbaya mwaka hadi mwaka. Na hapa tiba ni rahisi kuliko zote. Kuna vilainishi vya kutumia wakati wa tendo, na kuna krimu za unyevu za kupaka ndani mara kadhaa kwa wiki, hata kama hakuna tendo. Visipotosha, kuna estrojeni ya ukeni, krimu au kidonge kidogo kinachowekwa ndani. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, hivyo haihitaji projesteroni, na hofu ya saratani niliyoieleza juu haihamii hapa. Hata aliyepata saratani ya titi anaweza kuizungumza na daktari wake wa saratani. Inahitaji wiki kadhaa kufanya kazi na kuendelea kutumiwa. Usijisafishe ndani kwa sabuni wala kuweka vitu vya manukato. Huchubua ngozi ambayo tayari imechoka.

Mume wako hajui lolote kati ya haya. Anachoona ni mke anayesogea pembeni ya kitanda. Mwambie waziwazi, mchana, mkiwa mmevaa nguo zenu: mwili wangu unabadilika, ninaumia, sijakuchoka, na nimeanza kutafuta tiba. Lipeni likizo tendo lenyewe mpaka maumivu yaishe, lakini msiache kugusana, kwa sababu mwili uliozoea kwamba kila mguso utaishia kwenye maumivu huanza kujifunga hata kabla ya kuguswa. Hamu ya tendo inaweza kuwa imepungua kwa sababu nyingine pia, uchovu, hasira zisizosemwa, dawa. Ila ondoeni maumivu kwanza. Si haki kumpima mtu hamu ya jambo linalomuumiza.

Yapo mawili ambayo hukuyauliza kwa sababu hayaumi. Mifupa hupoteza uimara haraka katika miaka michache inayozunguka ukomo, na hutajua mpaka uvunjike mkono kwa kuteleza tu. Mwanamke aliyefika miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalisi kwa siku, bora zitoke kwenye chakula, pamoja na vitamini D ya kutosha. Lakini mfupa huimarika kwa kubebeshwa mzigo: tembea kwa kasi, panda ngazi, nyanyua vitu vizito angalau mara mbili kwa wiki. Kutembea peke yake hakutoshi. Kama mama yako alivunjika nyonga, kama umetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, au kama wewe ni mwembamba sana, uliza kuhusu kipimo cha uimara wa mifupa.

La pili ni moyo. Ugonjwa wa moyo na mishipa unaua wanawake wengi kuliko saratani ya titi, na ulinzi ambao mwanamke alikuwa nao dhidi yake hupungua baada ya ukomo: lehemu (kolesteroli) mbaya hupanda, mafuta huhamia tumboni, presha hufuata. Presha na sukari yako ni nzuri, hongera, lakini pima pia lehemu, na urudie vyote kila mwaka. Matiti na mlango wa kizazi navyo vichunguzwe kwa ratiba ya umri wako. Kukoma hedhi hakusitishi vipimo hivyo.

Na mimba? Bado unaweza kushika. Hedhi iliyopotea miezi mitatu haimaanishi mayai yamekwisha. Kanuni tunayotumia ni kuendelea na uzazi wa mpango mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyezidi miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo. Homoni za kutibu joto hazizuii mimba, isipokuwa kama umewekewa kile kitanzi.

Hivyo ukiwa unajiandaa kwenda kliniki, andika kwa wiki nne: siku za damu na idadi ya pedi, mara ngapi joto limekupanda mchana, mara ngapi umeamka usiku. Andika pia dawa zote unazotumia na magonjwa ya familia yenu, hasa saratani ya titi, damu kuganda na moyo. Anza na damu kwa kusema inatoka siku ngapi, kisha usingizi, kisha maumivu ya tendo. Yaseme ukiwa umekaa, mwanzoni. Ukiambiwa homoni hazikufai, uliza ni kwa sababu ipi katika historia yako. Ukiambiwa uvumilie, omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Ukianzishiwa tiba, ipe miezi mitatu kabla ya kuihukumu, kisha rudi. Dozi ya kwanza mara nyingi si ya mwisho, na damu kidogo isiyo na mpangilio katika miezi hiyo ya mwanzo ni ya kawaida. Ikiendelea kupita hapo, isemwe.